Damu ya Milembe

Kishimo cha kwanza cha sahani ya vipimo kiligeuka njano, na Jenipha akakiinamia kukisoma tena.

Hakikupaswa kugeuka. Safu ile ya sahani ilikuwa ya watoto wazima, wale wa kulinganishia, na maji ya damu yao yakipimwa hayabadiliki rangi. Njano ni ya watoto wenye kisukari, ambao kinga ya mwili imewageuka na kushambulia kongosho lao wenyewe. Na kishimo kile hakikuwa cha mtoto asiyemjua. Kilikuwa cha Milembe, binti yake wa miaka sita.

Yote yalianzia kijijini Sapiwi, alikokwenda kukusanya damu ya watoto wazima kwa utafiti wake. Kina mama walikuwa wamegoma katakata watoto wao wasitolewe damu. "Damu ya watoto wetu mnaipeleka wapi?" waliuliza, na kila jibu la kisomi alilowapa liliwazidishia mashaka. Mtafiti mchanga naye ana kiherehere chake. Siku ya pili Jenipha akaja na Milembe, akamkalisha mbele yao wote, na nesi akamtoa damu. Mtoto hakulia. Kina mama wakapanga foleni, na Jenipha akarudi maabara Bariadi kifua mbele. Chupa ya Milembe ilipewa namba kama nyingine zote, lakini ilikuwa ya kwanza. Angeisahauje?

"Sikuosha vizuri," alijiambia sasa. Sahani isipooshwa sawasawa, rangi hudanganya. Hakuna anayependa kuambiwa kazi yake ni mbovu, lakini mchana ule Jenipha alimwomba Mungu iwe mbovu, iwe ya ovyo kabisa, hata afukuzwe. Kesho yake akarudia kipimo, akaosha kila kishimo mpaka mkono ukafa ganzi. Safari hii, mbali na kingamwili za kwanza, zile zinazoonyesha kuwa kongosho linashambuliwa, akatafuta na za aina ya pili.

Vishimo vyote viwili vikawa njano.

Dokta Kasmiri, msimamizi wake, aliinama juu ya sahani bila kuigusa. Ndiye aliyemfundisha: mtoto akiwa na aina moja ya kingamwili hizo, anaweza asiugue maisha yake yote; akiwa na aina mbili, linalobaki ni swali la ataugua lini.

"Huyu ni mtoto wa nani?"

"Wangu."

Dokta akavua miwani.

"Si kuna dawa ya kuchelewesha ugonjwa?" Jenipha aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Ipo. Huku kwetu haijafika." Akamshika bega. "Nenda nyumbani, mama. Kampime sukari."

Juu ya bodaboda Jenipha alimhimiza dereva akaze mwendo. Alikumbuka kila kikombe cha maji Milembe alichoomba juma lile, kila mara aliyoamka kukojoa, na uji alioukataa juzi. Ameanza, aliwaza. Ameanza na mimi nimekaa maabara nahangaika na watoto wa wenzangu.

Mama yake, Nyanjige, alikuwa uani anapepeta mchele, Milembe ubavuni mwake akiokota chuya.

"Mwadila, mayu," Jenipha alimwamkia mama yake kwa Kisukuma.

"Mwadila, ng'wanone," mama alimwitikia mwanawe. "Mbona mapema? Na mbona unahema hivyo?"

Jenipha alikuwa ameshatoa kipima sukari. Akamchoma mwanawe kidole, akaminya tone, akasubiri namba. Tano nukta moja. Akasoma tena. Ilikuwa sukari ya mtoto mzima, haina hata dalili. Akakaa chini kwenye vumbi na sare yake ya kazi, akacheka, na machozi yakamtoka.

Milembe akanyonya kidole chake, akakimbilia nje kwa wenzake.

"Ulikuwa unamwogopea nini?" Nyanjige aliuliza. "Si ni mzima?"

Jenipha alitaka sana kusema ndiyo. Kwa mwaka mzima alikuwa amezoea kuwaeleza wazazi mambo haya, na hakuna hata mara moja ulimi ulimwia mzito namna ile.

"Leo ni mzima, mayu."

Ungo ukasimama mikononi mwa mama yake.

"Leo?" akauliza Nyanjige. "Kwa nini unasema leo?"