Karatasi ya Ndani

Ukimwambia mama asiguse kitu kinachohusu mtoto wake, yeye haelewi kwamba unamkinga. Anaelewa kwamba unamficha jambo. Ndivyo alivyoelewa Wariara, mke wa mkamuaji ng'ombe kule Molo, siku aliyosimama dirishani kwa nyumba ya darubini, wanapopimia makohozi, mjini Nakuru, akaambiwa binti yake hana kifua kikuu.

Habari yenyewe ilikuwa njema. Wamaitha, msichana wa miaka saba, alikuwa anakohoa tangu viazi vinapandwa hadi vikachimbwa. Kambini kwa wafanyakazi wa shamba, wanawake walikuwa wameanza kuwaita watoto wao kila alipotokea. Hakuna aliyesema neno baya. Ilikuwa ni njoo uchukue kuni, njoo unishikie mtoto, na uwanja unabaki mtupu, Wamaitha peke yake na kamba yake ya kuruka. Mama yake alikuwa akiona hayo kutoka mlangoni na kujifanya anachambua mboga.

Naftaly, dresa aliyetibu watu kwenye zahanati ya shamba, ndiye aliyechukua makohozi ya mtoto kwa chupa, akaandika karatasi ya kwenda nayo, akavipakia vyote kwenye lori la maziwa. Jibu lilipokuwa tayari Wariara akalifuata mwenyewe. Alimfunga mgongoni kitinda mimba wake, Ndung'u, aliyekuwa ameota meno mawili ya chini na sasa anayajaribu kwa kila kitu.

Sasa, nyumba ile ya darubini ilikuwa na utaratibu wake, na ni vizuri uujue kabla hujacheka. Karatasi iliyokuja na chupa iliingia ndani pamoja na chupa, na haikutoka tena ila kwenda motoni. Kule ndani ililala mezani katikati ya makohozi ya watu wa Gilgil, wa Naivasha na wa kila mahali, na mkono ulioshika chupa ndio ulioandika jibu juu yake. Basi Kiptanui, aliyefanya kazi ndani, aliishikilia kwenye kioo cha dirisha bila kuitoa. Micah, karani, alikaa upande wa nje na meza yake safi na wino wake, akasoma kupitia kioo na kuandika yote kwenye karatasi nyingine ambayo haijawahi kuingia mle. Hiyo ndiyo mgonjwa aliyopewa.

Wariara aliyaona haya yote kwa macho yake. Aliona karatasi ya kwanza, yenye mwandiko wa Naftaly anaoujua na jina la binti yake. Aliona chini yake mwandiko wa Kiptanui. Kisha akaona Micah akimsukumia nyingine.

"Hii ni nakala," akasema.

"Ni yale yale, mama. Neno kwa neno."

"Kama ni yale yale, basi nipe hiyo ya ndani, na wewe ubaki na hii."

Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Micah naye akacheka kidogo, akainama dirishani kumweleza mwenzake. Kiptanui akajibu kutoka ndani kwamba karatasi ile ina wageni wengi ambao mama hangependa kwenda nao nyumbani. Alisema kwa mzaha, kwa maana alikuwa mtu wa mizaha na kazi ilikuwa nyingi. Laiti angesema kwa maneno makavu. Wariara alichukua mzaha ule akaugeuza kichwani, na kila alivyougeuza aliona una kitu ndani yake.

Tusimlaumu upesi. Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, mkoloni akipigana na Mau Mau, na mtu aliishi kwa karatasi kama anavyoishi kwa unga. Mume wake aliwahi kusimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani akiwa na barua ya ruhusa iliyonakiliwa kwa mkono mwingine, kwa sababu ya kwanza ilikuwa imenyeshewa. Askari aliitazama mbele na nyuma, akasema nakala ni maneno ya mtu yeyote. Baba Wamaitha alilala mahabusu kwa ajili hiyo. Tangu hapo, nyumbani kwao nakala ilikuwa jina la kitu kisichofaa. Hata chai ikikosa maziwa waliita nakala.

Na nani angemwamini kambini? Angewaonyesha wanawake karatasi mpya ya karani, yenye wino mmoja kama barua ya mapenzi, nao wangesema vizuri, vizuri, kisha wangeendelea kuita watoto wao.

Akazunguka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na tanuri la kuchomea taka, na kando yake debe lenye kifuniko. Mzee wa kufagia alikuwa amelileta hapo, akarudi kutafuta kiberiti. Wariara akafunua. Karatasi ya Wamaitha ilikuwa hapo juu, haikumpa hata kazi ya kupekua. Ilikuwa na doa jekundu pembeni, akadhani ni wino wa daktari. Akaikunja, akaitia kifuani, akafunika debe vizuri kama mtu aliyelelewa, akaenda zake.

Njiani, kwenye lori, furaha ilimjaa hata akawa anatabasamu na magunia. Wamaitha ni mzima. Kikohozi ni cha moshi, ndivyo ilivyoandikwa: hakuna mdudu, mtoto asilale karibu na moto wa kuni mbichi. Wariara alianza kupanga atakavyohamisha kitanda. Ndung'u akalia, akapewa ziwa, akanyonya na kupapasa. Akapata kona ya karatasi, akaivuta. Mama yake alimtazama akiitafuna kwa yale meno yake mawili, akamwachia. Karatasi ya hospitali, akawaza, kuna kitu gani kisafi kuliko hiyo? Alipomnyang'anya mwishowe, kona moja haikuwepo. Alichosikitikia ni karatasi.

Wewe uliye na mtoto wa kunyonya, hapo ndipo pa kusimama. Kitu hakiwi safi kwa sababu kimetoka mahali pa kutibia. Mahali pa kutibia ndipo ugonjwa unapopelekwa.

Alipitia zahanati kabla ya kufika kambini, maana alitaka Naftaly awe shahidi wa kwanza. Akaitoa kifuani, akaiweka mezani, akaipapasa inyooke. Naftaly alikuwa amenyoosha mkono kuipokea. Alipoona ni karatasi ile ile aliyoiandika yeye, mkono ukasimama hewani.

"Hii umepewa na nani?"

Wariara akamweleza, tena kwa kujivuna kidogo. Naftaly hakupandisha sauti. Alichukua koleo la kushikia vyombo vya moto, akaiinua karatasi kama mtu anayeinua nge, akaitia kwenye mkebe mtupu na kuufunga. Akamletea maji, sabuni na dawa, akamwambia aoshe mikono, na kifua, na aoshe tena. Ndipo akauliza ile kona imekwenda wapi.

Wariara akamtazama Ndung'u. Mtoto alikuwa anacheka na koleo.

Baadaye hakukumbuka alivyokaa chini. Alikumbuka tu kwamba alikuwa anamtia mtoto kidole kinywani, anatafuta, na Naftaly anamshika mkono na kumwambia aache, atamuumiza, kilichomezwa kimemezwa.

Kesho yake wote walikuwa kwenye lori la maziwa kwenda Nakuru, yeye, mtoto, Naftaly na mkebe. Safari hii Kiptanui hakutoa mzaha. Alisikiliza, akavaa mipira ya mikono, akaupokea mkebe. Wariara alimwona kupitia kioo akiinama juu ya karatasi, akikwangua lile doa jekundu, akilitia kwenye kioo kidogo na kuinamia darubini muda mrefu. Micah alimpisha Wariara kwenye kiti chake mwenyewe. Alikuwa anamwambia polepole kwamba kosa si lake peke yake. Debe lile halikufaa kuachwa nje kabla moto haujawaka, na wao ndio waliopaswa kumweleza mama kwa nini karatasi hutengwa, badala ya kumcheka. Wariara hakuwa anamsikia.

Kiptanui alitoka mwenyewe, baada ya kuvua mipira na kunawa.

"Doa ni rangi," akasema. "Rangi tunayotumia ili kuwaona wadudu. Nimetafuta, sikuona mdudu hapo."

"Basi mtoto ni mzima."

"Doa ni rangi, mama. Kona aliyokula siwezi kuipima. Imo tumboni mwake."

Daktari akaitwa, akamkagua Ndung'u kifua na mgongo, akasema mambo ambayo Naftaly alimfafanulia mama. Mdudu wa kifua anapenda kuvutwa kwa pumzi zaidi kuliko kumezwa, kwa hiyo kuna tumaini kubwa. Lakini mtoto mchanga hachezewi. Aendelee kunyonya kama kawaida. Baada ya majuma kadhaa atachomwa sindano ndogo chini ya ngozi ya mkono, na siku chache baadaye mkono utazungumza: ukiota uvimbe mgumu, mdudu ameingia, ukibaki laini, amepita mbali. Kumchoma siku ile hakungesaidia, kwa maana mwili haumtambui mgeni huyo upesi.

Ni rahisi kusema majuma kadhaa. Wariara aliyaishi moja moja. Wamaitha alikuwa amehamishiwa kitanda mbali na moto na kikohozi chake kilikuwa kinaisha kama kilivyoandikwa. Naftaly alikwenda kambini mwenyewe kuwaambia wanawake, wakamwamini bila kuomba karatasi yoyote, na uwanja ukajaa watoto tena. Wariara aliona kwa jicho moja. Jicho lingine lilikuwa kwa mdogo. Akipiga chafya, moyo chini. Akilala sana, anamwamsha. Akikosa kulala, anampima joto kwa shavu lake. Alikuwa anaweka sikio kifuani mwake kila mara, hata Baba Wamaitha akamwambia akizidi kumsikiliza hivyo, mtoto atasahau kupumua. Hakucheka. Mume wake akatoka kwenda kukama, na mlangoni akasimama, akarudi, akaweka sikio lake pia.

Alianza kuwaambia wengine. Alimzuia mke wa dereva asimpe mtoto cheti cha hospitali akichezee. Alimkuta mama mmoja anafungia njugu kwa karatasi zilizookotwa nyuma ya zahanati, akazitia motoni, njugu na yote, wakagombana. Wakasema Wariara ameingiwa na wazimu wa karatasi. Na awe nao. Heri wazimu huo kuliko kukaa na mtoto mapajani ukihesabu pumzi zake.

Kule Nakuru nako, dereva wa lori alileta habari kwamba debe sasa lina kufuli, na halitoki ndani mpaka moto uwe umeshika. Na kila anayekuja dirishani anaelezwa kwa maneno makavu kwamba karatasi hii imelala na makohozi ya watu, ndiyo maana humpi mtoto, ndiyo maana tunakupa nyingine.

Siku ya sindano Ndung'u alilia kidogo, akasahau. Siku ya kusomwa mkono kulikuwa na baridi ile ya Molo ya kukata masikio, na ukungu ulikuwa bado umelalia mabanda ya ng'ombe. Wariara alikuwa amemfunika mtoto mkono ule kwa kitambaa tangu achomwe. Hakuwa amethubutu kuufunua. Aliogopa kwamba macho yake yangeona kile anachokiogopa.

Naftaly akaufunua. Akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akapitisha kidole gumba juu ya ngozi, taratibu, huku amefumba macho, akarudia, kisha akarudia tena, na Wariara akaona kila pito la kile kidole ni refu kama barabara ya Eldoret.

"Laini," akasema.

"Pitisha tena."

"Pitisha wewe."

Akapitisha. Kidole chake kilikuwa kigumu kwa kazi ya shamba, akakirudisha tena na tena. Palikuwa na alama ndogo ya sindano kama ya kuumwa na siafu, na pembeni yake hapana kitu, ngozi tu ya mtoto, laini kama ya shavu. Ndung'u alidhani anachekeshwa, akavuta mkono.

Naftaly alikuwa anaeleza kwamba wataendelea kumtazama, kwamba akikohoa aletwe, lakini sasa mama alale. Wariara aliitika yote. Alikaa kwenye benchi la nje, nje kabisa, kwenye baridi, kwa sababu ndani alihisi angepiga kelele na kuwashtua wagonjwa. Majuma yote yale maziwa yalikuwa yakimtoka kwa shida, mtoto ananyonya na kulalamika. Sasa, kabla hata hajafungua vifungo, alisikia yanashuka yenyewe, moto, yanalowesha gauni. Akaanza kucheka na machozi yanamtiririka, na Ndung'u, ambaye hakujua chochote, akaona ziwa limechelewa, akaanza kudai chake kwa sauti.