Hewa Iliyolala Ndani ya Tangi

Nelima alikuwa mama wa kuogopa, na pale mtaani Noonkopir walimtania kwamba hata uji aliufunika mara mbili. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Ajwang, wa miaka mitano. Mwenye jicho moja hachezi na mchanga.

Kwa hivyo mumewe Ouko alipoleta tangi la samaki kutoka hoteli moja ya Kajiado iliyofunga biashara, Nelima alilitazama kama mgeni asiyejulikana ametoka wapi. Lilikuwa la akriliki, ile plastiki nzito inayojifanya kioo, na lilimfika kifuani. Maji ya borehole, yale ya kisima kirefu, yalikuwa yamelivisha ganda jeupe la chumvi ya chokaa ndani kote, hata huoni upande wa pili. Ouko alitaka kufuga samaki wa kupamba nyumba. Sabuni ilishindwa, na waya ungelikwaruza. Ikabaki asidi, ile kali ya kuoshea tiles.

"Ukimwagikiwa na hiyo utajuta," Ouko alimwambia akitoka kwenda kazini. "Ngoja Jumapili tufanye pamoja."

"Jumapili mtoto ako nyumbani siku nzima. Leo ako shule mpaka saa nane."

Akaifanya kazi hiyo peke yake, na akaifanya vizuri. Mtu asije akasema alikuwa mzembe. Alilitoa tangi nje, akaliweka pale pembeni kati ya ukuta na nyumba ili upepo usimrushie matone usoni. Alivaa glavu ndefu, miwani ya plastiki na gumboots. Jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo, aliipeleka mbali kabisa, kwa sababu alijua jiki na asidi zikikutana hutoa moshi wa kuchoma mapafu. Maji ndiyo yalitangulia, asidi ikafuata kidogo kidogo, wala si kinyume. Akafunga kitambaa kwenye mti wa ufagio, akapangusa kuta. Ganda likachemka bila moto, likitoa sauti kama watu wengi wananong'ona, na likayeyuka.

Jirani yake Mugure, mama wa Ngugi, ambaye mume wake huchimba mashimo ya vyoo huko Kimuka na kwingine, alisimama mbali akiangalia.

"Mama Ajwang, hiyo maji unaimwaga wapi sasa? Kuku zangu ziko hapo."

"Simwagi ikiwa hai, Mama Ngugi. Naiua kwanza na magadi."

"Magadi ya kulainishia githeri?"

"Hiyo hiyo. Kitu tunakula, itadhuru nani?"

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, na hakuna mtu wa kwetu ambaye asingelifanya. Magadi tumeyala tangu tumbo la mama. Nelima akamwaga mfuko mzima. Povu likapanda karibu na ukingo, likakaa, likashuka. Harufu kali ya asidi ikapotea. Aliporudisha pua kidogo juu ya ukingo hakusikia kitu, akajua kazi imeisha. Yale maji kidogo ya chini angesaidiwa na Ouko kuyamwaga jioni. Akafunika tangi na gunia ili mtoto asichungulie, akageuza ndoo kando yake.

Saa nane Ajwang akarudi, akala, akatoka kucheza brikicho, ule mchezo wa kujificha na kutafutana, na Ngugi wa Mugure. Mugure alikuwa amewasha jiko pale nje, karibu na tangi. Upepo ulikuwa umekufa. Nelima alifunua gunia upande mmoja aone kama kuta zimekauka, na akaona kitu ambacho hajawahi kuona. Moshi wa jiko ulivuka ukingo wa tangi, ukashuka kidogo, ukasimama. Haukufika chini. Ulijitandaza katikati kama shuka juu ya kitanda, ukawa unacheza polepole, na chini yake hakukuwa na kitu.

"Mama Ngugi, kuja uone moshi imelala."

"Labda imechoka kama mimi," Mugure akasema bila kuinuka, akakoroga sufuria.

Nelima akacheka kidogo. Akaingia ndani kutafuta unga.

Huko ndani alimsikia Ngugi akihesabu, kisha akikimbia, kisha akiita. "Ajwang, toka. Nimeshindwa." Akaita tena. "Toka bwana, sichezi tena." Sauti ya Ajwang haikujibu. Ajwang hakuwa mtoto wa kunyamaza akishinda.

Nelima akatoka na unga mkononi. Gunia lilikuwa chini, kando ya ile ndoo iliyogeuzwa, ambayo mtoto alikuwa ameipanda kama ngazi. Kupitia ukuta wa tangi, ambao sasa ulikuwa safi kama hewa, alimwona mtoto wake amekaa amekunja magoti chini ya ule moshi. Macho yalikuwa nusu wazi. Alikuwa anamtazama mama yake, na hakuwa anamwona.

Akaingiza kichwa kumvuta. Pua ikawaka kama soda imempanda, miguu ikalegea, dunia ikaanza kwenda mbali. Mkono wa Mugure ukamvuta nyuma kwa nguo.

"Toa kichwa. Hiyo ni hewa ya shimo, ile Baba Ngugi hushushia taa kwanza. Taa ikizima haingii mtu. Angusha tangi, mama, angusha."

Wakalisukuma wote wawili. Tangi likalala, maji yakatoka, mtoto akatoka nayo kama nguo iliyolowa. Na kitu kingine kikatoka, kisicho na rangi wala sauti. Kilipita juu ya miguu yao kikiwa baridi, kikafika kwenye jiko. Makaa mekundu yakafifia yote kwa pamoja, mbele ya macho yao, kama mtu ameyafunika na kiganja.

Nelima alimbeba Ajwang mpaka barabarani kwenye upepo. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau. Akampulizia pumzi yake mwenyewe, tena na tena, huku Mugure akimmwagia maji safi mwilini. Mtoto alikohoa mara moja, akanyamaza, na huo unyamavu ndio Nelima husikia mpaka leo akiwa peke yake. Kisha akavuta hewa kwa nguvu, akatapika, akalia.

Hospitalini daktari aliwaeleza kwamba asidi ikila magadi, au ikila lile ganda la chumvi, huzaa hewa nzito isiyo na harufu. Hewa hiyo haipandi ukingo wa tangi ikatoka. Hukaa humo kama maji, na kufunikwa na gunia kuliisaidia kukaa. Anayeivuta halii wala hajitetei. Hulala tu.

"Ulisikia nini huko ndani?" daktari akamuuliza Ajwang.

"Kulikuwa na soda kwa pua," akasema. "Halafu mama akaniangalia. Nikajua nimepatikana, sasa naweza kulala."

Nelima aliomba kiti. Tangu siku hiyo humsimamisha kila mama anayemwona amebeba chupa ya asidi, hata asiyemjua, na humwambia: oshea uwanjani palipo na upepo, mwaga kabla ya kufunika, laza chombo ubavu, na usiamini pua yako. Wengine humcheka. Yeye husimama hapo hapo mpaka waahidi.