Chupa Nne Ndani ya Friji

Jumanne moja ya Aprili mwaka 2013, saa nne asubuhi, Shamis alifungua friji kutoa maziwa ya ngamia, na hewa iliyomgusa usoni ilikuwa ya uvuguvugu. Taa ya ndani ilikuwa inawaka. Akapeleka mkono rafu ya kati, penye kikopo cha plastiki chenye chupa nne ndogo za insulini. Hazikuwa baridi.

Chupa hizo hazikuwa zake. Zilikuwa za jirani yake Nyariek, mwalimu wa darasa la tatu kutoka Sudan Kusini, aliyekuwa akijidunga sindano asubuhi na jioni kwa mwaka wa sita sasa. Nyumba ya Nyariek haikuwa na umeme. Duka la Shamis, hapo soko la Wasomali katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, lilikuwa na waya uliovutwa kutoka jenereta ya Suldan, aliyewauzia wenye maduka umeme. Shamis mwenyewe ndiye aliyesema tangu mwanzo kwamba dawa ya Nyariek italala kwake.

Siku nyingine wangezikimbiza kliniki. Lakini mvua ilikuwa imenyesha huko juu siku mbili mfululizo, na lagga, ule mto wa msimu uliowatenga na kliniki, ilikuwa imejaa maji mekundu yanayobeba miti mizima. Jana yake ilikuwa imemchukua mtu na punda wake. Hakuna aliyekuwa anavuka.

Alipopata habari, Nyariek alikuja mbio kutoka darasani, chaki bado vidoleni. Alitazama kipimajoto kidogo alichopewa kliniki, kinachokaa ndani ya kile kikopo. Kilisoma nyuzi kumi na saba. Dawa ilitakiwa isipite nane. Muuguzi alikuwa amemweleza kwamba chini ya bati la Kakuma insulini hufa taratibu bila kubadilika rangi, na mtu hujua tu anapoanza kuugua.

Shamis alimpigia Ereng, fundi wa friji aliyekuwa na kibanda chake Lodwar. Ereng alisalimu kwa ejok yake ya kawaida ya Kiturkana, akasikiliza, kisha akasema barabara imekatika na magari yote yamelala. Hatafika leo wala kesho. Akawaambia wafunge mlango wa friji na wasiufungue ovyo.

Nyariek hakutaka kuweka maisha yake yote mahali pamoja. Alitoa chupa mbili, akazitia kwenye chungu kilichozungushiwa mchanga uliolowana, akakifunika kwa gunia lililolowa maji na kukiweka penye upepo. Mbili akaziacha ndani pamoja na kipimajoto.

Ereng alianza kuuliza maswali. Taa inawaka? Inawaka. Kompresa, lile dude jeusi la chuma kule chini nyuma, linanguruma? Shamis alipiga magoti, akatega sikio.

"Inasema tik, alafu inanyamaza," alisema. "Baada ya dakika kadhaa, tik tena."

"Inataka kuamka inashindwa. Angalia stabilaiza. Mshale uko wapi?"

Mshale wa kile kisanduku cha kusawazisha umeme ulikuwa kwenye volti mia na sitini, chini mno. Ereng akauliza ni kitu gani kingine kinachokula umeme kwenye huo waya.

Shamis aligeuza kichwa. Nyuma ya ukuta, mashine ya kuchomelea vyuma ilikuwa ikikoroma, na kila ilipokoroma mshale ulizidi kushuka. Ilikuwa ya Malek, mwanamume mmoja mpole aliyetengeneza milango na vitanda. Wiki tatu zilizopita alikuwa amemwomba Shamis amruhusu kuiunganisha kwenye waya wake, na Shamis akakubali bila kumwambia mtu. Tangu siku hiyo alikuwa ameona taa za duka zikififia, akajiambia ni jenereta tu imechoka.

Simu ilikuwa kwenye spika. Nyariek alikuwa amesimama pembeni yake.

"Ni Malek," Shamis alisema. "Mimi ndiye nilimpa waya wangu."

Nyariek alimtazama. Alitoka nje kwenda kumwomba Malek azime mashine.

Mshale ulipanda mpaka mia mbili na kumi na tano. Malek alimfuata Nyariek dukani, na wote watatu wakasimama mbele ya friji wakisubiri. Ikasema tik, ikanyamaza.

Ereng alisema alikuwa anaogopa hilo. Kompresa imejaribu kuamka na umeme mdogo kwa siku nyingi, na kuna kidude kinachoipa msukumo wa kwanza, kinachoitwa rilei, pengine kimeungua. Kiko ubavuni mwa kompresa, chini ya kifuniko. Hakupenda kumwongoza mtu asiye fundi kwa simu, kwa sababu umeme hausamehe, na alirudia mara tatu kwamba plagi itoke ukutani kabisa, ishikwe mkononi na mtu asiyefanya kazi nyingine. Shamis aliichomoa akaishika. Nyariek alichukua daftari la shule, akachora kila waya ulipokuwa kabla Malek, aliyejitolea kufanya kazi hiyo, hajagusa chochote.

Malek alikichomoa kile kidude. Kilikuwa cheusi upande mmoja na kinanuka plastiki iliyoungua.

"Kitie sikioni ukitikise," Ereng alisema. "Kikilia kama kokoto, kimekufa."

Kililia. Malek hakungoja kuulizwa. Nyuma ya karakana yake palikuwa na friji mbovu aliyoinunua kwa ajili ya mabati, iliyooza mlango na kutoboka bomba. Alikwenda kuifungua, akarudi na rilei yake. Aliitikisa, haikulia. Ereng akasema maadamu friji zote mbili ni ndogo za aina moja, ijaribiwe.

Hapo mtandao ukakatika.

Walipiga mara tano. Kipimajoto kilisoma ishirini na mbili. Malek alikwisha kuisukuma rilei mahali pake, na nyaya mbili zilibaki zinaning'inia, zote nyeusi, zote zimekolea mafuta na vumbi. Alisema anafanya kazi na umeme kila siku, atazirudisha anavyokumbuka, washe waone.

"Plagi hii haiingii," Shamis alisema.

Malek alimkumbusha kuwa dawa inaharibika.

"Najua. Tukiunguza kompresa hakuna friji tena, na wewe mikono yako iko humo."

Nyariek alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, midomo imemkauka. Asubuhi alikuwa amejidunga na kuimaliza chupa iliyokuwa wazi, na jioni angelazimika kufungua moja ya hizi. Alimtazama Malek, akatazama mchoro wake, akasema wamngoje Ereng.

Walingoja dakika ishirini. Simu ilipolia, Ereng alikuwa anahema. Alikuwa amepanda kilima nyuma ya mji kutafuta mtandao. Alimwambia mwalimu asome mchoro. Nyariek alisoma polepole kama anayeandikisha imla: waya wa juu unatoka kulia na una kifundo, wa chini umenyooka. Ereng akasema ule wenye kifundo uende juu kama ulivyokuwa. Malek alitazama mikono yake. Alikuwa ameushikilia chini.

Kifuniko kikarudi. Ereng akaagiza waondoke wote nyuma ya friji, ndipo plagi iingie.

Tik. Kisha ngurumo, nyembamba mwanzoni, ikatulia, ikaendelea. Hakuna aliyeshangilia. Baada ya robo saa Shamis aligusa bomba la nyuma, likawa la moto, na Ereng akasema hiyo ndiyo dalili nzuri. Saa kumi na moja jioni kipimajoto kilikuwa saba.

Ikabaki kujua kama dawa yenyewe bado inafanya kazi. Nyariek alikuwa na vijiti viwili tu vya kupimia sukari. Cha kwanza kilisoma kumi na sita, juu mno. Alijidunga kutoka chupa ya ndani ya friji, akala chapati, akakaa dukani na Shamis kwa saa kadhaa. Cha pili kilisoma kumi na moja; sukari ilikuwa inashuka. Alimwonyesha Shamis, akafumba macho kidogo, na Shamis akaona machozi.

Ijumaa lagga ilipungua. Ereng alifika na lori la kwanza, akakagua kazi ya Malek, akapangusa vumbi lililoziba mabomba ya nyuma, na hakuondoka mpaka Malek amevutiwa waya wake wa peke yake kutoka kwa Suldan.

Siku hiyohiyo Nyariek alipeleka chupa tatu kliniki zikakae huko. Shamis alimwona akizifunga kwenye kitambaa, akamwambia kwamba alistahili kuambiwa habari za ule waya mapema.

"Ndiyo," Nyariek alijibu. "Ungeniambia."

Chupa moja aliiacha kwenye rafu ya kati. Jioni alikuja na sindano yake, akasalimu kwa sauti ya chini, akafungua friji, akatazama kipimajoto kwanza. Alifanya hivyo siku zote zilizofuata, na Shamis hakumuuliza sababu.