Turufu Uwanjani

Hakuna aliyewahi kusema kwamba Lovre hajui mpira. Akipewa pasi anautuliza, anaubembeleza, kisha anaukodolea macho kama mtu anayechunga maziwa yasifurike jikoni. Hapo ndipo penye balaa. Wakati yeye anauangalia mpira, adui anamjia kwa nyuma, anauchukua na kwenda zake. Sikukuu ya Mtakatifu Roko mwaka jana, Bepo wa kijiji jirani cha Zagrad alimpora hivyo mbele ya kijiji kizima, na Zagrad wakapata bao la ushindi. Tangu siku hiyo watu wa Lokvica wakamwita Punda wa Kinu, yule anayefungwa kitambaa machoni ili azungushe jiwe la kusagia zeituni. Hata padri alimwita hivyo, kwa kujisahau, katikati ya ubatizo.

Mwaka huu kocha alikuwa Nevenka, mwalimu wa michezo aliyestaafu, mama wa maneno machache na filimbi nyingi. Wiki moja kabla ya sikukuu alimwita Lovre kando.

"Namba nane nakupa. Lakini ukiporwa mpira kwa nyuma hata mara moja, unatoka, na sikurudishi tena. Nimemaliza."

"Mara moja tu, shangazi?"

"Uwanjani mimi si shangazi yako."

Lovre alikuwa amevuka miaka thelathini, na Lokvica mtu wa umri huo akitolewa kikosini hupewa koleo la kugeuzia dagaa wa kuchoma, basi, mpira ndio umekwisha. Aliupenda mchezo huu kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Wazo la kuitazama mechi ya Roko kupitia moshi wa jiko lilimnyima raha.

Akajitahidi. Kila mazoezi Nevenka alipaza sauti, "Nani yuko nyuma yako?" na Lovre aligeuza shingo kama alivyoamriwa, ila hakuona kitu. Alikuwa kama mtu anayeitikia salamu bila kujua nani kamsalimu. Mpira ukifika, macho yanashuka, na mwenzake anampokonya kiulaini.

Jioni ya Alhamisi Nevenka aliingia kilabu cha mvinyo kutafuta mtu wa kupaka chokaa mistari ya uwanja. Akamkuta Lovre anacheza karata za briškula. Mchezo huo huchezwa wawili kwa wawili, na mtu ana ruhusa ya kumpa mwenzake ishara kwa uso: kubinua midomo ni ree ya turufu, kupinda mdomo pembeni ni tatu, kutupa macho juu ni mfalme. Ufundi wote ni kutoa ishara yako adui asiione, na kumnasa yeye akitoa yake. Nevenka alisimama mlangoni akasahau chokaa. Lovre alikuwa hatulii. Jicho kwa mwenzake, jicho kushoto, jicho kulia, rudi tena, na kila adui akichezesha mdomo, Lovre keshamwona.

"Weka hiyo ree chini, mzee, usijisumbue kuificha," alimwambia mmoja. "Midomo yako nimeiona tangu jana!"

Nevenka akapiga meza hadi bilauri zikaruka. "We Lovre! Karata zako umeziangalia saa ngapi?"

"Za nini kuziangalia? Nazijua, ziko mkononi. Naangalia hawa wezi."

"Na mpira ukiwa mguuni, unadhani utakimbilia wapi?"

Lovre akabaki na mdomo wazi. Mwenzake akadhani ni ishara mpya.

Siku ya Roko vumbi lilikuwa jekundu na bendi ilikuwa imeshalewa kidogo. Lovre aliingia uwanjani akajiambia kwamba yuko mezani. Kabla pasi haijamfikia, jicho begani huku, jicho begani kule: Bepo huyo anakuja, Vid wetu yuko peke yake kulia. Bepo alipofika na mbio zake, Lovre alikwisha geuka na mpira. Bepo alijaribu tena, akala vumbi. Hata hivyo Nevenka alimwacha mchezaji wa akiba apashe misuli moto pembeni, ili Lovre amwone vizuri.

Kipindi cha pili, matokeo yakiwa bao moja kwa moja, Lovre aliona jambo lililomshangaza. Bepo alibinua midomo, kisha akapiga mpira mrefu kwa Šime, mshambuliaji wao. Baadaye akapinda mdomo pembeni, na mpira ukaenda mfupi, mguuni kwa Šime yuleyule. Mazoea yana taabu! Wawili hao walikuwa wenzi wa briškula tangu kabla hawajaoa, na sasa nyuso zao zilikuwa zinacheza karata bila wenyewe kujua. Lovre alicheka peke yake hadi refa akamuuliza kama jua limempiga.

Dakika za mwisho Bepo akabinua tena midomo. Lovre aliondoka kabla ya mpira, akaukata njiani. Uwanja mzima ukamzomea Bepo, na Bepo akamjia kwa nyuma amefura. Lovre akiporwa sasa, ni koleo la dagaa maisha yake yote. Lakini begani alikwisha chungulia. Akausogeza mpira kando kwa ukingo wa kiatu, Bepo akapita na hewa mpaka kwenye chokaa, na pasi ikaenda kwa Vid. Papo hapo Lovre akageuza shingo kuangalia nani mwingine anakuja.

Hakuja mtu. Alisikia kelele, tarumbeta, na wanawake wakilia kwa furaha. Alipogeuka, mpira ulikuwa wavuni na Vid alikuwa chini ya rundo la watu.

"Kapiga kichwa au mguu?" Lovre aliuliza.

Nevenka alimtazama. "Kijiji kizima kimeliona bao, wewe uliyelitengeneza hukuliona?"

"Si ulisema nitazame nyuma?"

Mama wa watu akacheka mpaka filimbi ikamtoka mdomoni, kisha akamkumbatia kwa nguvu. "Mwakani ukiwa na namba nane yako, mwanangu, nitakuruhusu na mbele."

Jioni nzima Lovre alizunguka meza kwa meza, mwenye furaha kuliko wote, akiomba asimuliwe bao. Kila mtu alimsimulia kwa moyo mmoja. Vid ndiye aliyesimulia kuliko wote, na kila aliporudia, alikuwa amepiga kutoka mbali zaidi.