Ng'ombe Anakunywa Kwanza

Wivu ulimwingia Theuri siku Madam Watiri, mkuu wa ofisi, alipoiita programu yake "modeli ya Mwanaisha" mbele ya watu wote. Ya Mwanaisha! Miaka nenda miaka rudi Theuri alikuwa amekaa katika ofisi ile ya Nyeri akiijenga: ng'ombe wa kwenye kompyuta wakizurura malishoni Doldol, nyasi zikikauka, maji yakipungua, ili watu wajue mapema ukame utawaacha na mifugo kiasi gani. Huyo binti wa Majengo alikuja juzi tu. Wala hakuja kujenga chochote, alikuja kuandika.

Kazi yake ilikuwa kuieleza modeli kwa lugha iliyotungwa kwa kazi hiyo, si ile ya kuiamuru kompyuta. Lugha hiyo inakudai useme wazi nani yumo, anafanya nini, kipi kinatangulia kipi, na kila kanuni umeitoa wapi. Ukishaandika hivyo, mtu wa Murang'a ambaye hajawahi kuiona programu yako ataijenga upya kwake. Programu ya Theuri ilieleweka na Theuri peke yake, na kusema kweli alipenda iwe hivyo.

Sasa watu walisoma kurasa zilizokuwa tayari, wakaielewa modeli, wakamshukuru Mwanaisha. Maelezo yalibeba jina lake juu kabisa. La Theuri halikuonekana popote. Alikuwa akimwona tu anajimiminia chai, roho inamwuma.

Asubuhi moja Mwanaisha akavuta kiti kando yake.

"Bwana Theuri, nisaidie hapa. Kukipambazuka, ng'ombe anakula kwanza ama anakunywa?"

Jibu alikuwa nalo. Kwao Othaya ng'ombe hukaa zizini, akatiwe nyasi kwanza, kisha aletewe maji kwa ndoo. Ndivyo alivyoiandika programu. Lakini siku hiyo kijicho kilikuwa kimemfika kooni.

"Anakunywa kwanza," akasema bila kupepesa macho. "Andika hivyo."

Alijua mfuatano ukigeuzwa, matokeo yote yanageuka. Wenzao wa Murang'a, waliokuwa wakiyangoja maelezo waijenge upya, wangejenga kitu kingine kabisa, na aibu ingekuwa ya mwandishi. Mchana huo alikula akashiba.

Siku ya kulinganisha ikafika. Gicheru, aliyeijenga upya Murang'a kwa kufuata maelezo peke yake, akaonyesha ukutani mstari wake wa ng'ombe waliosalia, kwenye mchoro mmoja na ule wa Theuri. Kwa Theuri ng'ombe wengi walipona. Kwa Gicheru walikufa ovyo. Theuri akakohoa, tayari kuuliza nani kaharibu kazi, lakini Madam Watiri akamtangulia. Akaongeza mstari wa tatu, hesabu ya kweli ya ukame uliopita huko Doldol. Ukalala sawasawa juu ya mstari wa Gicheru, kama mmoja.

"Mnaona!" Gicheru akapiga meza. "Huko jua ikiwaka wanapeleka ng'ombe kwa maji kwanza, ndio watafute nyasi mbali. Hii ya Theuri ni ng'ombe ya zero-grazing, ya kulishwa zizini!"

Watu wakaangua kicheko, kisha wakamgeukia Mwanaisha na makofi. Akainua mkono kuwazuia.

"Si mimi. Ni Bwana Theuri aliniambia, mimi niliandika tu." Akafungua ukurasa wa kanuni ile. "Hapa kwa chanzo niliacha wazi. Ulijua aje, na programu yako inasema kinyume?"

Chumba kizima kikamtazama. Angeweza kusema kwamba alidanganya.

"Weka tu jina langu," akajibu.

Mwanaisha akaliandika. Jina ambalo kukosekana kwake kulimnyima raha muda wote huo likatokea ukutani, kando ya jambo moja ambalo hakujua kuwa ni kweli, alilolisema ili mwenzake aaibike. Sasa makofi yalikuwa yake. Mwanaisha ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote, uso umemng'aa kwa furaha ya mwenzake, na Theuri akamwonea wivu hata kwa hilo.