Kitanda cha Nabilah

Mama alikuwa ameshaamua: Ijumaa Husnah apelekwe Kawempe kwa watu wa baba yake. Mtoto aliamka kila siku na alama nyekundu mkononi na shingoni, na Mama alisema ni dada yangu marehemu, Nabilah, anayerudi kumpapasa.

"Anamtaka mtoto wake, Jalia. Tukimwacha humu atamchukua."

Sikumbishia. Hata mimi nilihisi mtu kule chumba cha nyuma. Tangu tumzike Nabilah, kitanda chake hakikuguswa. Kwetu cha marehemu hakisogezwi mpaka arubaini isomwe. Shuka ni lile lile alilofia. Husnah alilala hapo kwa sababu kwingine alilia, akimtafuta mama yake. Na kulikuwa na harufu nzito, tamu, nisiyoijua.

Jirani yetu Moreen, Mkenya anayeuza nyanya soko la Nakasero, alikuja kutujulia hali. Akaushika mkono wa mtoto.

"Mzimu gani huyu anauma kwa mstari, kama anashona nguo? Dada, hao ni kunguni."

"Nyamaza, Mama atasikia."

"Asikie! Sisi tuliishi nao mpaka tukawapa majina."

Mama alipombeba Husnah kwenda dukani, nikainua shuka. Vidoa vya damu. Kwenye mshono wa godoro, vidoa vyeusi kama vya kalamu, na maganda membamba. Nikapitisha njiti ya kiberiti kwenye ufa wa mbao. Wakatoka, na ile harufu tamu ikazidi: wengine wekundu, wameshiba, wengine bapa, wakavu, kama waliongoja muda mrefu.

"Umegusa!" Mama alikuwa mlangoni.

"Tazama, Mama. Si Nabilah."

Mmoja alitambaa juu ya mto. Nikambonyeza kwa ukucha, damu ikaenea.

"Hiyo damu ya nani?"

"Ya Husnah."

"Na kabla ya Husnah, alilala nani hapa?"

Nikautazama ukucha wangu.

"Usiue mwingine. Wamebeba damu ya mwanangu."

Mgongoni kwake Husnah akaanza kulia, akijikuna shingo mpaka ikachubuka. Mama akapeleka mkono nyuma, akavishika vile vidole vidogo.

"Chemsha maji," akasema.

Moreen alitusaidia kukitoa kitanda uani na kuzifungua mbao. Nguo na shuka tukazichemsha, godoro tukalifunga ndani ya nailoni, kila upenyo tukauziba kwa utepe wa gundi.

"Yachemke kabisa," Moreen alisema. "Yakiwa vuguvugu wataoga tu, watushukuru."

Mama hakunipa birika. Alianza upande wa kulia, kichwani kushuka miguuni, polepole, midomo ikisoma, vile vile alivyomwosha Nabilah. Maji yalipoingia kwenye nyufa, kitu kikalia kidogo. Akasita, akasikiliza. Kisha akamimina tena.

Ijumaa hakuna aliyekwenda Kawempe. Mchana Husnah alilala mkekani kati yetu, hakushtuka hata mara moja. Mama alikuwa macho, uso ameuelekeza chumba cha nyuma, kilichokuwa kitupu.