Harusi ya Matumbwitumbwi

Ijumaa asubuhi Stellamaris alikuwa amepiga magoti uani akipuliza makaa ndani ya pasi, Laurentia, dada wa mchumba wake, alipoingia bila hata kubisha hodi. Kwenye jamvi, mama yake Stellamaris, Redempta, na shangazi yake Wilhelmina walikuwa wanachambua mchele wa harusi ya kesho. Ulikuwa mchele wa duka la ushirika la Maili Moja. Ulikuwa na mawe mengi hivi kwamba Wilhelmina alishauri wayakusanye, wayapeleke yakazibe mashimo ya barabara ya Morogoro.

"Wifi," Laurentia alisema, akihema. "Kaka amevimba."

"Amevimba nini?"

Laurentia alishika mashavu yake mwenyewe kwa viganja, akayavuta nje. "Hivi. Pande zote mbili. Shingo haionekani."

Wilhelmina ndiye aliyecheka kwanza. Kisha alijiziba mdomo kwa pindo la kanga, maana Redempta alikuwa anamtazama.

Stellamaris hakuhitaji kuambiwa ni ugonjwa gani. Alikuwa anafundisha darasa la tatu, na mwezi ule nusu ya watoto wake walikuwa wamebaki nyumbani, kanga zimefungwa kutoka kidevuni hadi utosini. Sixtus, mchumba wake, alikuwa fundi wa pampu kwenye mitambo ya maji ya Ruvu. Majuma machache yaliyopita alikuja shuleni kutengeneza bomba, na watoto walimzunguka, wengine wakimpumulia usoni ili waone vizuri spana inavyozunguka.

"Ahirisheni," Wilhelmina alisema. "Bwana harusi hawezi kuja na kichwa kama boga."

Wote waligeuka kutazama mlango wa chumba cha Redempta, ambako chini ya kitanda kulikuwa na nusu gunia la sukari.

Sukari ile ilipatikana kwa kibali, na kibali kiliandikwa tarehe ya kesho. Ulikuwa mwaka themanini na tatu, msako wa wahujumu uchumi umepamba moto. Jirani yao Kondo alikuwa amelala rumande kwa sababu ya katoni ya sabuni aliyoshindwa kuieleza. Sukari ya harusi bila harusi ingeelezwaje?

"Naenda ofisini," Stellamaris alisema, akaiacha pasi ijipoze yenyewe.

Karani wa vibali aliitwa Melkiori, mtu mwembamba mwenye shati lililofuliwa mpaka kola ikabadilika rangi. Alimpokea vizuri.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwalimu. Hongera. Kesho, siyo?"

Stellamaris alimweleza. Melkiori alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

"Pole sana. Lakini kibali kina tarehe. Tarehe ikipita, ile siyo sukari ya harusi tena. Ni sukari."

"Naweza kuirudisha, halafu nikaichukua tena akipona?"

"Ukiirudisha inaingia kwenye mgao. Utaomba upya." Alielekeza kalamu kwenye benchi lililojaa watu waliokuwa wamekaa kimya, kila mmoja na karatasi yake. "Na wa misiba wanatangulia."

"Basi nibadilishieni tarehe tu. Mtu anaumwa."

"Mwalimu, ugonjwa haumo kwenye utaratibu. Kifo kimo." Aliinamia meza, akashusha sauti kama anayemfanyia fadhila. "Mchumba wako akifariki, Mungu apishe mbali, njoo. Tutahamisha kutoka harusi kwenda msiba. Hilo linawezekana siku hiyohiyo."

Stellamaris aligeuka kuondoka.

"Na kesho nitapita na mgambo," Melkiori aliongeza. "Usinielewe vibaya. Kuna watu hapa Kibaha wanaoa kila mwezi kwa ajili ya sukari."

Alipofika kwenye ngazi za nje, Stellamaris aligundua kwamba anacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni akamuuliza kama amepata. "Sijapata," alijibu, akipangusa macho.

Alidandia lori la mkaa hadi Kongowe. Sixtus alikuwa zahanati, amekaa mwisho wa benchi mbali na wengine, amefungwa kanga ya dada yake yenye maua mekundu. Alipomwona Stellamaris aligeuza uso ukutani.

Mganga wa zahanati, mzee Wilfred, aliwaita ndani. Alimbonyeza Sixtus chini ya masikio, akamwambia afungue mdomo, akaona unafunguka kidogo tu.

"Ni virusi," alisema. "Vinapita kwa mate na pumzi, kama surua. Havisikii sindano wala klorokwini. Aspirini ingekuwepo ningekupa kwa maumivu, lakini haipo tangu Pasaka. Unywe maji na uji, ukandwe kwa kitambaa cha baridi. Vitaondoka vyenyewe. Aliyeugua utotoni haviwezi kumpata tena. Ambaye hajaugua akae mbali nawe."

Kisha alimwomba Stellamaris asubiri nje kidogo.

Sixtus alipotoka alikuwa mtu mwingine. Walikaa kwenye msingi wa nyumba ambayo haikuwahi kumalizwa, karibu na zahanati. Alichora ardhi kwa kidole cha mguu.

"Amesema kwa mtu mzima unaweza kushuka chini," alisema mwishowe. Maneno yalitoka yamebanwa na meno.

"Chini wapi?"

Sixtus alishusha macho mapajani mwake.

"Aa," Stellamaris alisema. "Na ukishuka?"

"Wengi wanapona. Mmojammoja hapati mtoto tena." Alimeza mate, akakunja uso kwa maumivu. "Stella, sitakulaumu. Sukari waichukue. Tungoje, tuone nitakavyokuwa."

Stellamaris alikuwa anapenda watoto, na Sixtus alijua. Walikuwa wameshabishania majina. Aliwaza kurudi nyumbani na kumwambia mama yake kwamba wanangoja. Halafu akawaza wangoje kwa muda gani, na waone nini, na nani atakayekuja kuwaambia sasa basi, mmeshaona.

"Yaani nikuweke pembeni kama pampu," alisema, "mpaka nihakikishe unatoa maji?"

Sixtus alicheka, papo hapo akashika mashavu. "Usinichekeshe. Inauma."

"Mimi niliugua Kisarawe, kwa bibi. Alinipaka masizi ya chungu usoni, nikatembea siku nzima mweusi kama sufuria. Kwa hiyo huwezi kuniambukiza."

"Sijauliza habari ya kuambukiza."

"Najua ulichouliza. Nakujibu ninachokijua. Habari ya watoto hakuna anayeijua, hata ungekuwa mzima." Alinyanyuka, akakung'uta gauni. "Kesho saa nne. Uje na kanga yako."

Padri Alfonce hakuleta shida. Alisema mafua hayo ya mashavu yaliwahi kufunga bweni lake zima seminarini, yeye akiwa wa kwanza kulala. Ila ibada itafanyika barazani, penye upepo, na wasiougua hawatasogea.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi Redempta, kwa gauni lake jipya na viatu vya kuazima, alisimama njia panda ya kanisa akimzuia kila mgeni.

"Shikamoo mama Stella."

"Marahaba. Umeshaugua matumbwitumbwi?"

Waliougua walipita kulia, karibu na baraza. Ambao hawajaugua walipelekwa kushoto, kwenye mikorosho ng'ambo ya uwanja. Kila mtu alikuwa na hadithi yake. Mzee mmoja aliyepata kuwa askari alisema aliugua akiwa kwenye gwaride. Mke na mume waligombana palepale, mke akisema mumewe hajaugua, mume akisema aliugua kabla hawajajuana. Kwaya iligawanyika vibaya. Sauti ya tatu yote ilikuwa haijaugua, ikawa inaimba kutoka kwenye mikorosho, ikichelewa kidogo, na watu wakasema haijawahi kupendeza hivyo.

Sixtus alikuja na suti ya kijivu na kanga ya maua mekundu. Uso ulikuwa umejaa hadi macho yamekuwa madogo. Padri alipomuuliza kama anamkubali Stellamaris awe mke wake, alijibu kitu kama "Mmyo." Padri aliuliza tena. Sixtus alishika taya kwa mikono yote miwili, akalifungua. "Ndiyo." Vigelegele vilianzia barazani, vikajibiwa na mikorosho.

Melkiori alifika wakati wa pilau, na mgambo wawili nyuma yake. Redempta alimwekea mkono kifuani.

"Umeshaugua matumbwitumbwi?"

"Mama, mimi niko kazini."

"Umeshaugua?"

Melkiori alifikiri. "Sikumbuki."

"Basi kushoto."

"Nimekuja kuthibitisha kama bwana harusi yupo."

Sixtus, aliyesikia, alisimama na kuanza kuja kumsalimia. Melkiori alimwona, akarudi nyuma mpaka akagusa mkorosho. "Inatosha," alisema. "Nimemwona. Akae."

Walimpelekea sahani. Alikula akiwa amesimama, polepole, akaokota hata punje zilizoanguka kwenye mkono wa shati. Alipomaliza, Stellamaris alivuka uwanja na shela lake, akamshukuru kwa kuja.

"Sukari iliyobaki ni kiasi gani?" Melkiori aliuliza. "Jumatatu irudi ofisini."

Kwenye gunia ilikuwa imebaki zaidi ya nusu ya sukari ile. Watu walikuwa wamekunywa chai kwa adabu, kijiko kimoja kimoja, kwa kuwa wengi walishasahau namna ya kuweka viwili. Stellamaris alitazama gunia, akatazama wageni.

"Nani ana watoto nyumbani?" aliuliza kwa sauti yake ya darasani.

Mikono ilinyooshwa pande zote mbili za uwanja.

Alichukua bilauri, akaanza kugawa. Watu walikinga pindo za kanga, magazeti, leso, vikombe. Mzee aliyekuwa askari alikinga kofia. Wilhelmina alipeleka upande wa mikorosho, akiimba. Mgambo mmoja alimtazama bosi wake, akavua kofia, akajipanga. Wa pili akamfuata. Stellamaris aliwamiminia sawa na wengine.

Melkiori alibaki amesimama na bahasha yake ya ofisi. Watu walipopungua alimsogelea Stellamaris, akasema chini kwa chini, "Mwalimu, na mimi nina watoto."

Stellamaris alimtazama kola. Alichukua bahasha kutoka mkononi mwake, akaifungua, akamimina bilauri nzima, akaikunja vizuri kwa juu.

"Hii ni ya mgeni wa harusi," alisema. Kisha akageuza gunia chini juu, akalikung'uta mbele yake. "Jumatatu uandike hakuna kilichobaki."

"Nitaandika," Melkiori alisema.

Jioni, nyumbani kwa Sixtus Kongowe, wageni wa mwisho walipokwisha kusindikizwa, Sixtus aliketi kizingitini akijikanda shavu kwa kitambaa cha baridi. Mkewe alimletea chai. Alionja, akaonja tena.

"Haina sukari," alisema.

"Imekwisha. Tumegawa yote."

Sixtus alikunywa tena, kwa pembe ya mdomo. "Afadhali," alisema. "Tamu ingeniuma."

Stellamaris aliketi karibu naye kwenye kizingiti, akanywa ya kwake, chungu vilevile, mpaka ikaisha.